Nyusi za Bwana Harusi

Mwanamume aliyemwacha Poda mwezi mmoja kabla ya harusi alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, akaketi kwenye kiti chake na kumwinulia uso. Poda hakuwa amemwita. Hakuwa hata amemwombea mabaya, ingawa uongo wa nini, alimwombea, tena kwa kirefu. Lakini aliyemleta siku hiyo alikuwa mwongozaji wa tamthilia, mtu ambaye hakujua lolote juu ya mambo yao wala hakutaka kujua.

"Namtaka bila nyusi," mwongozaji alisema mlangoni, karatasi zake kwapani. "Mume ambaye mkewe akimtazama usoni hajui anawaza nini. Umenielewa, Poda?"

Poda alielewa kuliko mwongozaji mwenyewe. Mume wa namna hiyo nusura amwoe yeye.

Alikuwa mpambaji wa kampuni ile ya tamthilia, na jina la Poda alipewa kwa sababu vumbi la poda halikuwahi kutoka mikononi mwa mashati yake. Mwanamume naye waliyemwita Staa alianza kuitwa hivyo kwa utani, enzi akipewa sehemu za kubeba trei na kusema "karibu chai, bosi". Siku hizi aliitikia jina hilo bila kucheka. Jumamosi hii alikuwa anamwoa binti wa mwenye kampuni, na leo ilikuwa Jumatano.

Hakuja peke yake. Dada yake alimfuata nyuma, akavuta stuli, akaikalia katikati ya mlango na kuuweka mkoba mapajani kwa mikono miwili. Poda alikuwa amemwita Wifi kwa miaka miwili, na ulimi ulikuwa haujasahau.

"Shikamoo, Wifi."

"Marahaba. Endelea na kazi yako. Mama kasema nisitoke humu mpaka umalize."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakujua, ndiyo maana kanituma."

Poda alimeza hilo kama alivyomeza mengine. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya nyumba waliyokodi kwa kurekodi. Kilikuwa na kioo kirefu chenye taa pembeni, rafu ya mawigi, na nyuma ya pazia sinki dogo lenye bomba lililolegea. Alivaa glavu, akachukua pamba, akaanza kumfuta Staa jasho kwenye paji la uso.

Juzi yake alimsimamisha kwenye korido akampaka nyuma ya sikio dawa kidogo ya kupausha nywele, kuona kama ngozi itakataa. Alipaka, akaondoka. Usiku ule alijikuta akitamani ngozi ikatae, ivimbe sikio zima mpaka bibi harusi ashindwe kumnong'oneza. Haikukataa. Ngozi ya Staa ilikuwa kama yeye mwenyewe, ilikubali chochote.

"Kwani wembe hautoshi?" Staa aliuliza. "Si tunyoe tu yaishe?"

"Ukinyoa leo, kesho mchana kivuli kinaonekana, na kamera inakiona kabla yako. Halafu zikiota zinachoma kama brashi ya viatu. Kublichi, nywele zinabaki pale pale, ila rangi inaondoka. Kwa mbali mtu anaona huna."

"Basi kublichi ni bora."

"Sijasema bora. Kuna uzuri wake na kuna ubaya wake."

"Taja," Wifi alisema kutoka kwenye stuli. "Taja yote, nisikie kwa masikio yangu. Sitaki kesho tuambiwe hatukuuliza."

Poda alimwaga unga wa dawa kwenye kibakuli, akautia krimu na kukoroga. Harufu kali ilipanda.

"Uzuri ni kwamba uso unakuwa mtupu. Unachora juu yake unachotaka. Leo unamtoa mzee, kesho unamtoa mhuni. Macho yanaonekana makubwa. Na mtu aliyezoea kudanganya watu kwa uso wake anapata likizo, maana hakuna wa kumsoma."

Wifi alikohoa. "Na ubaya?"

"Dawa ni kali. Ikiingia jichoni ni balaa, ndiyo maana atafumba macho mpaka nimwambie fumbua. Inaweza kuwasha. Nywele zinakauka, ukizisugua zinakatika. Jua likimpiga hapo bila kofia litamchoma. Baada ya siku kadhaa vinyweleo vyeusi vinachomoza chini, ukitaka kuendelea unarudia. Na mtu asiye na nyusi hata akilia, watu hawajui analia au ana mafua."

"Ijumaa jioni tukimaliza kurekodi," Staa aliingilia, "unanirudishia weusi wangu, sivyo? Kwa ajili ya Jumamosi."

"Rangi nyeusi inapakwa, kama ngozi imeona dawa mara moja tu na ikapumzika. Ikishakula dawa mara mbili, hiyo wiki huigusi tena kwa rangi yoyote. Sitaki kesi."

"Mara moja inatosha?"

"Inatosha kabisa, ukiniacha nifanye kazi."

"Na ubaya ni huo tu?" Wifi aliuliza.

Poda aliendelea kukoroga. Kulikuwa na jambo moja lililobaki, na kila aliyewahi kupausha nywele nyeusi analijua. Weusi hauruki ukatua kwenye weupe. Njiani unapita kwenye rangi ya chungwa, chungwa kali la kuumiza macho, na hapo ndipo mgeni hushtuka akadhani mambo yameharibika, kumbe dawa iko nusu ya safari. Poda humwambia kila mteja hilo mapema ili asipige kelele. Alimtazama Wifi. Huyu ndiye aliyewahi kuwaita watu wa zimamoto kwa sababu ya mvuke wa birika.

"Ni huo tu," alisema.

Alimpaka Staa mafuta mazito juu na chini ya nyusi, pole pole, kama inavyotakiwa. "Fumba."

Staa akafumba, na Poda akapata kitu ambacho hakuwa amekipata tangu waachane, nafasi ya kumtazama bila kutazamwa. Alikuwa bado mzuri, na hilo lilimuudhi. Kovu dogo kwenye kidevu lilikuwa pale pale. Kope zilikuwa ndefu vile vile, za kupewa mwanamume bure. Mara ngapi aliuchukua uso huu mikononi mwake hivi hivi, katika chumba hiki, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Nyusi hizi ndizo zilizomlaghai. Staa hakuwa mtu wa maneno matamu. Aliinua unyusi mmoja tu, upande wa kushoto, na Poda alikuwa anakimbia na kujaziliza mwenyewe kilichobaki. Moyo ukaanza kumwenda mbio. Akaukaripia kimya kimya, akachovya brashi.

Alianza na huo wa kushoto.

"Bado unatumia sabuni ile ile," Staa alisema kwa sauti ya chini.

"Usiongee, uso unakunjika."

"Nimeikumbuka tu."

"Kumbuka kimya kimya."

Wifi alibadili mkao. Hakupenda sauti zilivyoshuka, na akaamua kuzipandisha. "Ukumbi tumepata mkubwa," alisema. "Bibi harusi anabadilisha gauni mara tatu. Familia ya watu, wewe. Imetulia. Ukiingia sebuleni kwao hata sauti unaipunguza mwenyewe."

"Hongereni."

"Tumeshapoa. Unajua tulivyoumia. Mama alikonda." Kisha Wifi akalitoa lililokuwa linamuwasha ulimini. "Na yule dereva wako, hajambo?"

Brashi ilisimama hewani.

Dereva wake. Hapo ndipo jina lake lilipozikwa, kwenye maneno hayo mawili. Mwaka jana Wifi na shangazi mtu walifunga safari hadi kwa wazazi wa Poda, wakakaa kwenye kochi, wakasema uchumba umekufa kwa sababu binti hakutulia. Kila jioni anaondoka na dereva wa kampuni, watu wanaona. Mama yake alilia. Baba yake, fundi seremala, mtu wa maneno machache na msimamo mwingi, aliwasindikiza wageni hadi getini, akarudi karakana, na tangu siku hiyo hakuongea na binti yake. Poda alipopiga simu, mama alijibu, "Baba yako kalala," saa nne asubuhi. Yote yaliyobaki angeweza kuyavumilia. Mwanamume angempata mwingine, au asipate, maisha yangekwenda. Lakini baba yake aliamini, na hilo halikuvumilika.

Na mtu mmoja tu duniani alikuwa na uwezo wa kulifuta. Alikuwa hapo mbele yake, kichwa nyuma, macho yamefumbwa.

Poda alisubiri. Alimpa nafasi. Chumba kizima kilimpa nafasi. Neno moja lilitosha, "Poda hana kosa," au hata "Dada, acha." Chini ya dawa aliona nyusi zikicheza kidogo, zikataka kukutana katikati, zikatulia. Staa hakusema kitu. Mwaka jana alinyamaza, na leo amenyamaza tena, mbele ya dada yule yule.

"Usizikunje," Poda alimwambia. "Dawa itateremka."

Alimalizia unyusi wa kulia, akaweka kibakuli mezani, akavua glavu. Kifuani kulikuwa kumepoa sana.

"Naenda kuosha brashi," alisema. "Msiguse kitu mpaka nirudi. Nimesema msiguse."

Akaingia nyuma ya pazia, akafungua bomba. Brashi ilikuwa safi baada ya kuisuuza mara ya kwanza. Akaendelea kuisuuza.

Haikuchukua muda. Alisikia stuli ikisogezwa, viatu, kisha pumzi ya mtu aliyekanyaga kitu kisichojulikana.

"Mama yangu. Wewe, usifumbue macho."

"Kuna nini?"

"Zimekuwa chungwa."

"Chungwa vipi?"

"Chungwa la kula. Amekuunguza huyu. Nilijua. Mama alisema. Tulia, tulia nikufute."

"Kasema tusiguse."

"Kasema nani? Anayetaka uoe ukiwa kama jogoo? Kaa hapo."

Maji yakamwagika, kitambaa kikachovywa, Staa akalalamika kwamba inamuuma, Wifi akamwambia avumilie. Poda alisimama nyuma ya pazia na brashi mkononi. Alijua kwamba kurudi hatua mbili na kusema "subirini, ni kawaida" kungemaliza mambo. Hakurudi. Roho yake ilikuwa imekaa mahali pazuri, na hakuwa na haraka ya kuiondoa hapo.

Alipotoka, Staa alikuwa amesimama mbele ya kioo. Juu ya macho yake kulikuwa na michirizi miwili ya rangi ya karoti, inayong'aa kwa taa za pembeni, na katikati ya ule mmoja kipande kilikuwa kimekatika kwa kusuguliwa.

"Poda," alisema. "Hii nini?"

"Hiyo ni nusu ya kazi. Dawa ilikuwa haijafika. Mmeitoa njiani."

"Hukutuambia itapita kwenye chungwa," Wifi alisema.

"Niliwaambia msiguse."

Wifi alikificha kitambaa nyuma yake.

"Basi irudie," Staa alisema haraka. "Mwongozaji atanichinja. Rudia sasa hivi."

Poda aliketi kwenye kile kiti alichokiacha Staa. Kilikuwa bado na joto. "Siwezi kumpaka mtu dawa wakati ndugu yake haamini mkono wangu. Akija kunifuta tena katikati, macho yakiharibika nitasema nini? Kwanza tujue kwa nini haniamini."

"Sasa hivi kweli ni wakati wa haya?"

"Mimi sina haraka. Nyusi zangu ziko salama. Wifi, kwa nini huniamini?"

"Sababu unaijua."

"Itaje."

"Usinilazimishe. Mimi na wewe tulikuwa tunaelewana, nilikupenda." Sauti ya Wifi ilikwama kidogo, ikarudi na ukali. "Kila jioni ndugu yangu yuko kazini anafanya mazoezi, wewe unaondoka na dereva. Kila jioni. Nilikuona kwa macho yangu mawili."

"Ni kweli. Dereva alikuwa ananirudisha nyumbani kila jioni." Poda akageuka kumtazama Staa, si mwili wake, kivuli chake kwenye kioo. "Nani alimwambia anirudishe?"

Kule nje mtu alipiga kelele kwamba kamera iko tayari.

"Poda, tafadhali," Staa alisema.

"Swali dogo. Nani alimwambia dereva anirudishe?"

"Unataka nini? Unataka nikuombe radhi? Nakuomba radhi."

"Radhi sitaki. Nataka jina."

Staa alijitazama kwenye kioo. Labda alitafuta ule uso wake wa kila siku, uliokuwa unamtoa kwenye kila shimo, akakuta karoti mbili. Mabega yakashuka.

"Mimi," alisema.

"Sema vizuri, dada yako akusikie."

"Mimi ndiye niliyemwambia dereva. Nilimwambia ahakikishe unaondoka mapema, asikuache kampuni."

"Kwa nini niondoke mapema?"

Staa alishika ukingo wa meza.

"Kwa nini, Staa? Wewe si ulikuwa kwenye mazoezi?"

"Hakukuwa na mazoezi." Alimeza mate. "Nilikuwa na binti wa bosi. Tayari. Tangu kabla."

Wifi aliinuka kwenye stuli taratibu, mkoba ukaanguka, funguo na lipstiki zikasambaa sakafuni. Hakuinama kuviokota.

"Rudia," alisema.

"Dada, mambo yalikuwa magumu. Mama alikuwa anamtaka yule. Ningevunja uchumba bila sababu, watu wangesema. Wewe ulipokuja na habari za dereva—"

"Nilikuja na habari za dereva, na wewe ukanitazama, ukainamisha kichwa kama mtu aliyefiwa. Nilikubembeleza. Nilikaa nawe nikikupepea."

"Sikusema ni kweli."

"Na hukusema ni uongo." Wifi alimsogelea. "Nilikaa kwenye kochi la wale wazee. Mimi. Kwa kinywa changu nikawaambia mtoto wao hakutulia. Yule mama alikuwa anashika kikombe, nikaona mkono unavyomcheza. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nje. Kwenye gari."

"Nje kwenye gari," Wifi alirudia, na akamgeukia Poda. Alitaka kusema, ilionekana, lakini kuna maneno ambayo mtu akiyachelewesha mwaka mzima hayatoki kwa siku moja.

Poda alivuta simu yake kutoka mfukoni mwa aproni, akatafuta namba, akaiweka mezani mbele ya kioo. "Mpigie baba yangu."

"Hapana."

"Basi mpelekee mwongozaji hizo nyusi."

"Poda, mzee yule ataniua."

"Yuko mbali. Na ana mguu mbovu. Mpigie, uweke sauti nje. Ukimaliza, nakupaka dawa mara ya pili, nyusi zinatoweka, unaenda kuigiza. Mimi nikiahidi natimiza."

"Piga," Wifi alisema. "Usipopiga wewe napiga mimi, na nitaanza na bosi na binti yake."

Staa akapiga. Simu iliita sana. Kisha ikasikika randa ikisimama juu ya ubao, na sauti nzito ya mtu asiyependa simu.

"Nani?"

"Shikamoo, baba. Ni mimi—"

"Nimekujua. Mimi si baba yako. Sema."

Staa aliwahi kukariri kurasa nzima za maneno kwa asubuhi moja. Haya machache yalimtoa jasho. Aliyasema vipande vipande, dereva, jioni, binti wa bosi, na kila alipojaribu kuyalainisha Wifi alimkazia macho akayarudia yakiwa magumu.

"Ulijua," mzee alisema.

"Nilijua."

"Siku ile dada yako na shangazi yako wamekaa kwangu, ulijua?"

"Nilijua, mzee."

Randa ikasikika ikiwekwa chini. "Yupo hapo?"

"Nani?"

"Binti yangu. Yupo anasikia?"

"Yupo."

"Mwambie—" Mzee akakatiza. "Hapana. Wewe usimwambie kitu. Mpe simu."

Poda alizima sauti ya nje, akaisogeza simu sikioni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Tangu Poda akiwa mtoto baba yake alimwita mama, kwa sababu alifanana na mama mzazi wa mzee huyo. Mwaka mzima hakuwa amelisikia. Poda aligeukia ukuta ili wale wawili wasimwone.

"Chumba chako nimekijaza mbao," baba yake alisema. "Nilisema hakina kazi. Nitazitoa. Kesho nazitoa. Jumamosi uje, utakuta nimefagia."

"Baba, si lazima uharakishe. Mguu wako."

"Jumamosi. Asubuhi. Usichelewe, nitakuwa nakusubiri kituoni." Akavuta pumzi. "Nilikosea, mama," akasema, na simu ikakatika, maana hakuwa mtu wa kusubiri ajibiwe.

Poda alikaa akitazama ukuta mpaka aliporidhika na macho yake. Kisha akanawa mikono, akavaa glavu mpya, akakoroga dawa upya.

"Kaa," alimwambia Staa. "Fumba."

Aliifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote ya mwaka huo. Hakuna tone lililotoka nje ya mstari. Chungwa likafifia, likawa manjano, manjano yakawa kama maziwa, na hatimaye hakukuwa na kitu. Wifi alikuwa akiokota vitu vyake sakafuni. Hakumkaribia ndugu yake.

"Fumbua."

Staa akajiona. Akasogea karibu na kioo, akarudi nyuma. Alijaribu kuinua unyusi wa kushoto, Poda alikijua kile kitendo, na hakuna kilichotokea usoni pake zaidi ya ngozi kujikunja kidogo. Kisha akageuza kiti, akamshika Poda kiganja juu ya glavu.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ile ya zamani. "Yule sikumpenda. Ni mama, ni mambo ya kazi. Nikikushika hivi nasikia nimerudi nyumbani. Sema neno moja tu, Poda, harusi naivunja leo."

Mwaka mzima alikuwa ameisubiri sentensi hiyo. Alikuwa ameiota, ameiandalia majibu, mengine ya kilio, mengine ya kukumbatia. Mkono wake ulilitambua lile joto la kiganja, na kwa kitambo kidogo, kidogo tu, ulitaka kubaki. Alimtazama. Uso ulikuwa mtupu, hausemi ndiyo wala hapana, na kwa mara ya kwanza hakuwa na cha kujijazia mwenyewe. Ilibaki sauti peke yake. Bila shaka ilikuwa sauti ile ile aliyoitumia kumwagiza dereva.

Akavuta mkono.

"Usiivunje," alisema. "Nataka uoe. Oa hivyo hivyo ulivyo."

"Huna maana hiyo."

"Ninayo, na nimeichagua vizuri."

Nje walimwita jina lake. Staa akasimama, akanyoosha kola, akafika mlangoni, na hapo ndipo hesabu ya siku ilipomfikia. Aligeuka.

"Ijumaa jioni utanipaka ile rangi nyeusi."

"Ngozi imeshakula dawa mara mbili. Rangi haiigusi wiki hii, nilikwambia."

"Basi utanichora kwa wanja. Jumamosi asubuhi, kabla ya picha. Hakuna anayeweza kuchora nyusi kama wewe, kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua," Poda alikubali.

Akavuta droo, akatoa kalamu ya wanja mpya, akaichonga taratibu mpaka ncha ikawa kali. Akaenda mlangoni, akamwekea kiganjani na kumfungia vidole.

"Jifunze mwenyewe," alisema. "Anza na wa kushoto, ndio mgumu. Jumamosi mimi naenda kwa baba yangu."